Jicho moja limetolewa: vipi mdogo wake aliye tumboni?

*"Shikamoo daktari. Mwanangu wa kwanza, wa kiume, alianza kuonekana na kitu cheupe ndani ya jicho la kushoto akiwa na miezi kumi na moja. Nyumbani walisema ni jicho la paka, litaondoka akikua. Tulipofika hospitali ya rufaa alikuwa na miezi kumi na minne, wakatuambia ni saratani, jicho likatolewa wiki ile ile. Hakupewa dripu za saratani. Sasa ana miezi ishirini, anacheza na anakula vizuri. Daktari alituambia ugonjwa huu unatokana na jeni inayoitwa RB1, lakini kulikuwa na foleni kubwa, alieleza haraka na sikuelewa. Mimi ni mjamzito wa miezi saba. Mama mkwe anasema kwenye ukoo wao hakuna mtu mwenye jeni hiyo, kwa hiyo nimeileta mimi, na mimba hii nayo itakuwa hivyo hivyo. Mume wangu amenyamaza tu. Naomba kujua: jeni hiyo nimempa mimi? Jicho lililobaki liko salama? Huyu aliye tumboni atazaliwa nayo? Na kupima jeni kuna faida, au ni kupoteza hela?"*

Marahaba, binti yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona kinachokunyima usingizi zaidi ni lile neno la mama mkwe. Basi tuanzie hapo, lakini kwanza jina la ugonjwa wa mwanao: ni saratani ya retina, pazia la nyuma ya jicho, na madaktari tunaiita retinoblastoma.

Hakuna mtu asiye na jeni ya RB1. Wewe unayo, mumeo anayo, mama mkwe anayo, na mimi ninayekuandikia ninayo. Kila mmoja wetu anazo nakala mbili, moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba, na tunazihitaji kila siku ya uhai wetu. Jeni hii ni kinga. Tatizo huja pale nakala zake zinapoharibika. Mkanganyiko huu tunauleta sisi madaktari, tunaposema kwa haraka kwenye korido kwamba "mtoto ana jeni ya RB1", mzazi akarudi nyumbani akidhani mwanawe ana kitu kibaya ambacho watoto wengine hawana. Swali sahihi ni hili: kwa mwanao, nakala hizo ziliharibikia wapi? Ndani ya jicho lile tu, au katika mwili wake wote tangu alipotungwa? Karibu kila ulichoniuliza kinategemea jibu la swali hilo moja, kwa hiyo nivumilie nieleze jeni hii inafanya kazi gani.

Jeni ni maelekezo, na protini ndicho kitu kinachotengenezwa kwa kufuata maelekezo hayo. RB1 imekaa kwenye kromosomu ya 13, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Ina urefu wa herufi kama 180,000, na protini inayotokana nayo, tunayoiita pRB, ni mnyororo wa amino asidi 928, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini. Kazi yake kubwa ni kuhakikisha seli haijigawi kabla ya wakati wake.

Bila shaka umeshawahi kupika kwenye shughuli ya harusi. Wapishi wako uani, masufuria yako tayari, kuni zimepangwa, lakini hakuna anayeanza, kwa sababu mchele, mafuta na viungo viko stoo, na ufunguo anao mama mmoja mtu mzima aliyekaa kwenye mkeka. Mpishi mkuu yupo hapo hapo pembeni yake, mama amemshika mkono: "Ngoja kwanza." Wajumbe wanakuja mmoja mmoja. Wageni wameshafika. Maji yametosha. Mama anawasikiliza, na taarifa zikishatimia anamwachia mpishi mkono na stoo inafunguliwa. Shughuli ikiisha anafunga tena.

Ndani ya seli, mama huyo ni pRB. Mpishi mkuu ni protini nyingine inayoitwa E2F, ambayo ikiachiwa huwasha jeni zote zinazohitajika kunakili DNA, yaani maandishi ya maelekezo yote ya seli, ili seli moja iwe mbili. Seli ikiwa imetulia, pRB imeikamata E2F kabisa, haifurukuti. Ukifika wakati halali wa kujigawa, vimeng'enya fulani, ndio wale wajumbe, huja kuibandika pRB vipande vidogo vya fosfeti, kimoja baada ya kingine, mpaka inabadilika umbo na kuiachia E2F. Kazi ikimalizika, fosfeti zinabanduliwa na pRB inashika tena. Mzunguko huu unaendelea mwilini mwako sasa hivi, na ndani ya tumbo lako unaendelea kwa kasi, maana mtoto anajengwa.

Sasa jaalia stoo ina akina mama wawili wenye ufunguo, yaani nakala zile mbili za jeni. Mmoja akiugua, wa pili anatosha, shughuli inakwenda kwa utaratibu na hakuna atakayejua. Wakiondoka wote wawili, mlango unabaki wazi, na wapishi wanapika usiku na mchana bila kujali kama kuna mgeni. Uvimbe wa saratani hii huanza hivyo hivyo. Seli moja ya jicho inapoteza nakala zote mbili za RB1, inajigawa bila kizuizi, wazao wake nao wanajigawa, na ndani ya miezi michache kuna donge jeupe nyuma ya mboni. Mlichokiona nyumbani mkaita jicho la paka ni mwanga unaoingia jichoni, unagonga donge hilo, na kurudi ukiwa mweupe badala ya mwekundu.

Aliyeiona siri hii kwanza ni daktari Mmarekani, Alfred Knudson, mwaka 1971. Hakuwa na mashine ya kusoma jeni, kwa sababu wakati huo haikuwepo. Alikuwa na mafaili ya watoto 48 waliougua ugonjwa huu, kalamu na hesabu. Aligundua kwamba watoto wenye uvimbe kwenye macho yote mawili waliugua wakiwa wadogo zaidi kuliko wenye uvimbe kwenye jicho moja, na hesabu zikamwonyesha sababu. Wale wa macho mawili walizaliwa na nakala moja tayari imeharibika katika kila seli, ikabaki ajali moja tu kukamilisha. Wengi wa jicho moja walizaliwa na nakala zote mbili nzima, na ikabidi ajali mbili zitokee ndani ya seli ile ile moja, jambo ambalo ni adimu na linachukua muda. Miaka 15 baadaye, mwaka 1986, watafiti wa Boston waliipata jeni yenyewe. Ilikuwa jeni ya kwanza ya kuzuia uvimbe kupatikana kwa binadamu, na mengi tunayoyajua leo kuhusu saratani za watu wazima yalianzia kwa watoto hawa wa macho. Huwa naguswa kila nikiwaza kwamba elimu kubwa kiasi hicho ilitoka kwenye mafaili 48.

Tuje kwa mwanao. Jicho moja, uvimbe ulionekana kabla ya mwaka, na hakuna historia kwenye ukoo. Kati ya watoto 100 wanaougua jicho moja tu bila mtu mwingine kwenye ukoo, takribani 85 wana njia ile ya pili ya Knudson: ajali zote mbili zilitokea ndani ya retina, na hakuna mahali pengine mwilini zilipo. Kwa mtoto wa namna hii jicho likishatolewa, tatizo la jeni limetoka nalo. Waliobaki, kama 15, nao waliugua jicho moja tu, lakini nakala moja imeharibika mwili mzima. Kwa kumtazama mtoto usoni huwezi kuwatofautisha. Hata mimi siwezi. Wapo wanaosema "ni jicho moja, basi si la kurithi", na hilo si kweli kila mara. Wapo pia wanaosema "kwenye ukoo hakuna, basi si la kurithi". Hilo lina makosa zaidi, kwa sababu watoto wengi wenye nakala iliyoharibika mwili mzima ndio wa kwanza kabisa kwenye ukoo wao. Hitilafu ilitokea upya, kwenye yai au kwenye mbegu ya baba kabla ya mimba kutungwa, au siku za mwanzo kabisa za mimba.

Kwa hiyo, je, umempa wewe? Inayoelekea zaidi ni kwamba hakuna aliyempa. Hakuna chakula ulichokula, dawa ya malaria uliyomeza, jua, kazi ya shamba, wala jicho la hasidi lililosababisha hili. Hitilafu mpya za RB1 zinapotokea kabla ya mimba, nyingi huonekana upande wa baba, kwa sababu mbegu za kiume hutengenezwa kwa wingi kila siku na kunakili kwingi kuna makosa yake. Sikuambii ili lawama ihamie kwa mumeo. Nakuambia ili ujue kwamba neno la "mwanamke ndiye kaleta" halina msingi wowote. Mwanamume huyo aliyenyamaza huenda naye anajiuliza kama ni yeye, na jibu lake ni lile lile: makosa ya kunakili hayana mwenye dhambi. Ukipenda, msomee sehemu hii.

Utajiuliza kwa nini jicho, wakati RB1 ipo mwili mzima. Seli nyingi mwilini zina njia nyingine za kujizuia, zikipoteza pRB huwa zinajitambua na kufa. Seli changa za retina, hasa zile zinazojiandaa kuwa za kuona rangi, hazina kinga hiyo ya ziada. Zimeegemea pRB. Lakini zinakomaa mapema, na seli iliyokomaa haijigawi tena. Ndiyo sababu huu ni ugonjwa wa watoto wadogo, wengi wanaugua kabla ya kufikisha miaka mitano. Mtoto mmoja kati ya kama 16,000 hadi 18,000 wanaozaliwa huupata, huku kwetu na kwingine kote. Tofauti yetu na nchi tajiri ni muda. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2020, uliokusanya watoto 4,351 kutoka nchi 153, ulikuta kwamba katika nchi za kipato cha juu nusu ya watoto walikuwa wameshagunduliwa kabla ya miezi 14 hivi, na katika nchi maskini nusu yao walikuwa wamepita miezi 30. Wewe ulimfikisha mwanao akiwa na miezi kumi na minne. Ile miezi mitatu ya kuambiwa "litaondoka" inakuuma, najua, lakini ulifika kwa wakati ambao watoto wengi wa nchi zetu hawaufikii.

Kuhusu jicho lililobaki. Mpaka itakapothibitishwa kwamba damu yake haina hitilafu, tunamhesabu kama mmoja wa wale 15. Maana yake jicho la kulia lichunguzwe kwa ratiba. Kwa umri wake ni kila miezi miwili au mitatu hivi, akilazwa usingizi wa nusu kaputi, mboni ikiwa imepanuliwa kwa matone, na daktari akiangalia retina yote mpaka kingoni. Vipindi vinaongezeka kadiri anavyokua, na daktari wake ndiye atakayekupangia. Wazazi wengi wanachoka na ratiba hii kuliko kitu kingine chochote: nauli, kulala njaa kabla ya usingizi, kazi kusimama, na mara zote kuambiwa "yuko sawa". Naomba usichoke. Uvimbe ukionekana ukiwa na ukubwa wa punje ya mtama, unaweza kuchomwa kwa leza au kugandishwa kwa baridi, na jicho likabaki likiona. Ukisubiri mpaka weupe uonekane kwa macho, mara nyingi tumeshachelewa kuliokoa jicho hilo, na yeye analo hilo hilo moja. Kwa sababu hiyo hiyo avae miwani ya kinga ya plastiki ngumu hata kama haina namba, hasa akianza kucheza na wenzake mawe na fimbo. Jicho la bandia nalo libadilishwe anapokua. Likiwa dogo kuliko tundu, linaanguka na uso upande ule unabaki nyuma.

Kabla sijaja kwa mtoto wa tumboni, kuna jambo moja hukuliuliza ambalo lazima nilitaje. Umesema hakupewa dripu za saratani. Inawezekana kabisa hazikuhitajika. Lakini uamuzi huo hutegemea ripoti ya maabara ya jicho lililotolewa. Wataalamu huangalia kwa hadubini kama uvimbe ulikuwa umeingia kwenye mshipa wa fahamu wa jicho, hasa pale ulipokatwa, au kwenye tabaka lenye mishipa ya damu nyuma ya retina. Kama haukuingia, kutoa jicho peke yake ni tiba iliyokamilika. Nenda ukaombe ripoti hiyo, usome au usomewe, na nakala yake ibaki nyumbani. Kama haipo kwenye faili, uliza ilipo, wala usione aibu kuuliza mara ya pili. Nimeshawahi kukutana na mama aliyekuwa anaambiwa "majibu hayajatoka" kwa miezi mitano, kumbe yalitoka siku nyingi yakawekwa kwenye faili la mtoto mwingine mwenye jina kama la mwanawe.

Sasa mdogo wake. Kama mtoto mkubwa aliugua jicho moja, na nyinyi wazazi hamna ugonjwa, uwezekano wa mdogo kuzaliwa na nakala iliyoharibika ni chini ya mmoja kati ya 100, hata kabla ya kupima chochote. Rudia kusoma sentensi hiyo. Kati ya akina mama 100 walio katika hali yako, zaidi ya 99 watajifungua mtoto asiye na hitilafu hii. Neno la "mimba hii nayo itakuwa hivyo hivyo" halilingani na hesabu. Ila chini ya mmoja si sifuri. Huenda mmoja wenu wazazi anayo hitilafu bila kujua, au anayo katika baadhi tu ya seli zake, zikiwemo zinazotengeneza mayai au mbegu.

Hapo ndipo kuna kipimo rahisi ambacho kinasahaulika sana: macho yenu nyinyi wawili. Wakati mwingine mtu huzaliwa na nakala iliyoharibika, akapata kauvimbe kadogo utotoni kalikosimama kenyewe, akakua na kuzeeka bila kujua. Nakumbuka baba mmoja, dereva wa lori, aliyekuja kumsindikiza mwanawe. Nilimwambia akae naye nimtie matone. Alicheka, akasema yeye anaendesha usiku kutoka Dar mpaka Tunduma, macho yake ni mazima. Pembeni ya retina ya jicho lake la kulia kulikuwa na kovu la kijivu lenye vipande vyeupe kama chokaa. Hajawahi kuumwa jicho maisha yake yote. Siku ile tulijua kwamba kila mtoto atakayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi nakala ile mbovu, na tukaanza kuwachunguza watoto wake wote. Kwa hiyo kabla hujajifungua, siku ya kliniki ya mwanao, mwombeni daktari awapanulie mboni wewe na mumeo awaangalie. Ni dakika chache. Mtaona ukungu saa kadhaa baada ya matone, basi, msiendeshe chombo siku hiyo. Mkikutwa hamna kovu, uwezekano ule mdogo unashuka zaidi.

Je, kupima jeni ni kupoteza hela? Hapana, lakini fahamu unalipia nini. Hitilafu za RB1 hazikai sehemu moja. Kila ukoo unaweza kuwa na yake, mahali pake ndani ya zile herufi 180,000, na ndiyo maana hakuna kipimo cha haraka kama cha malaria. Njia bora ni kuanza na uvimbe wenyewe. Jicho lililotolewa huhifadhiwa maabara kwenye kipande cha nta. Maabara ya jeni husoma kwenye kipande hicho hitilafu mbili zilizoanzisha ugonjwa, kisha huzitafuta kwenye damu ya mtoto. Zisipokuwepo kwenye damu, ratiba ile ya nusu kaputi inaweza kupunguzwa sana, na wasiwasi wa jicho la pili unashuka chini ya mmoja kati ya 100. Mojawapo ikiwepo kwenye damu, basi mtapimwa nyinyi wazazi na mdogo wake kwa hitilafu hiyo hiyo moja, kipimo ambacho ni chepesi na cha bei ndogo zaidi kwa kuwa mahali pa kutafuta panajulikana. Wakati mwingine kipande cha nta hakipatikani au kimechakaa, hapo hupimwa damu pekee. Bado ina faida kubwa, maana hukamata sehemu kubwa sana ya hitilafu za mwili mzima, ingawa inaweza kukosa zile zilizo katika baadhi tu ya seli.

Ukiambiwa sampuli itasafirishwa nje ya nchi na majibu yatachukua wiki nyingi, usishangae. Uliza kwanza kama hospitali yenu ina mpango wa ufadhili kabla ya kuuza kitu. Na kama hela ni ya kuchagua kati ya kipimo hiki na nauli za kumpeleka mtoto kuchunguzwa macho, kwa maoni yangu chagua nauli. Macho yakichunguzwa kwa ratiba, mtoto analindwa hata jeni isipojulikana. Kipimo cha jeni bila uchunguzi wa macho hakimlindi mtu.

Kwa hiyo mtoto akizaliwa, kama bado hamjapata majibu ya jeni, achunguzwe macho na daktari wa macho ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, mboni zikiwa zimepanuliwa. Kichanga hahitaji nusu kaputi, anafungwa kanga vizuri na kushikiliwa kichwa. Atalia, lakini haumii kama unavyodhani. Miezi ya mwanzo huchunguzwa mara kwa mara, kama kila mwezi, halafu vipindi vinarefushwa. Kwa Tanzania, hospitali za Muhimbili, CCBRT na KCMC wanaujua ugonjwa huu. Wasomaji wa Kenya wana Kenyatta na Kikuyu, na wa Uganda wana Ruharo kule Mbarara. Kliniki ya kawaida ikikuambia "macho yanaonekana sawa" kwa tochi tu, hiyo haitoshi kwa mtoto wako.

Picha za simu ni msaada, si mbadala. Mpige kwenye chumba chenye giza kidogo, flashi ikiwa imewashwa, umbali wa hatua tatu hivi, akitazama simu. Zima ile sehemu ya simu inayoondoa wekundu wa macho. Mboni zote mbili zikirudisha wekundu unaofanana, vizuri. Moja ikiwa nyeupe au ya njano kwenye picha zaidi ya moja, nenda hospitali wiki hiyo hiyo na picha uwaonyeshe. Weupe kwenye picha moja tu akiwa ametazama pembeni unaweza kuwa mwanga uliogonga mahali mshipa wa fahamu unapoingilia, lakini aangaliwe hata hivyo. Na usisubiri weupe peke yake. Kengeza lililoanza ghafla, jicho jekundu lisilopona kwa dawa, au jicho linalotokeza nje, yote ni ya kwenda siku hiyo hiyo. Usiruhusu mtu amtie jichoni maji ya majani au maziwa ya mama.

Kwa huyo mwanao mkubwa, ikibainika kwamba hitilafu iko mwili mzima, kuna la maisha yake ya baadaye. RB1 hulinda sehemu nyingine pia, na watu hawa wana hatari kubwa kuliko wengine ya saratani ya mifupa na ya misuli wanapokua. Daktari yeyote atakayemhudumia ajue hivyo, ili mionzi isitumike ovyo, hasa picha za CT zinazoweza kubadilishwa kwa MRI au altrasaundi, ambazo hazina mionzi hiyo. Akivunjika mkono apigwe eksirei kama mtoto mwingine, haina shida. Maumivu ya mfupa yasiyoelezeka au uvimbe usioisha usisubiri nao nyumbani. Na siku akitaka kuoa, ajue kwamba kila mtoto wake atakuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kurithi, na atapimwa mapema zaidi kuliko alivyopimwa yeye. Kama damu yake ni safi, haya yote hayamhusu.

Nikutajie na jambo linalokuhusu wewe mwenyewe, maana ni protini ile ile. Virusi vya HPV vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi hutengeneza protini inayoitwa E7, na kazi yake ni kuikamata pRB ya seli za mlango wa kizazi na kuiharibu. Jeni ni nzima, lakini mama mwenye ufunguo ametekwa. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na ndiyo sababu ya chanjo ambayo wasichana wetu walianza kupewa nchi nzima mwaka 2018. Baada ya kujifungua, ukishamaliza siku zako arobaini na mwili umetulia, uliza kliniki lini unaweza kuchunguzwa mlango wa kizazi. Umejishughulisha na mwili wa mwanao miezi yote hii, na wako nao una haki.

Kwa sasa, wiki hii, fuatilia ripoti ya maabara na uulize kama kipande cha nta bado kipo, uwaombe wasikitupe. Panga tarehe ya jicho la kulia kama imepita. Nendeni wawili mkapanuliwe mboni, na mama mkwe akitaka kuongozana nanyi mchukueni, daktari amweleze mwenyewe. Kwenye kadi yako ya kliniki ya wajawazito mwambie nesi aandike kwa kalamu nyekundu kwamba mtoto wa kwanza alitolewa jicho kwa saratani ya retina, kichanga achunguzwe macho kabla ya wiki mbili. Iandikwe sasa, ili hata ukijifungua usiku na zamu ikiwa ngeni, wakunga wasome.